Safari ya Kununua Kitambaa Mwanza

Ndugu msomaji, tuseme umetoka Sengerema asubuhi. Basi limejaa. Mbele yako amekaa mama mwenye kuku wawili. Miguuni pako kuna mfuko wa viazi ambao si wako. Unafika Busisi. Hapa maji ya Ziwa Viktoria yameingia nchi kavu kama mkono mrefu. Mkono huo unaitwa Ghuba ya Mwanza.

Zamani basi lilisimama hapa. Abiria walishuka wakasubiri kivuko. Siku nyingine walisubiri saa nyingi. Mwenye samaki alisubiri na samaki wake, na mwenye mgonjwa alisubiri na mgonjwa wake. Tarehe 19 Juni, 2025, daraja lilifunguliwa. Linaitwa Daraja la J.P. Magufuli. Urefu wake ni kama kilometa 3. Sasa unavuka kwa dakika chache tu. Ukitazama kushoto unaona ziwa likifunguka, na mitumbwi midogo chini yako.

Ng'ambo ya pili ni Kigongo. Kisha unapita Usagara, na baada ya Usagara unafika Nyegezi. Ukiendelea unapita Mkuyuni na Igogo. Hapo unaanza kuyaona mawe makubwa ya Mwanza. Yamekaa juu ya vilima kama yamepangwa na mtu. Nyumba zimejengwa katikati yake na juu yake. Mgeni hujiuliza: watu wale wanapandishaje maji kule juu?

Wasomaji wa Magu watakuja kwa njia ya Kisesa na Igoma. Wa Ukerewe watakuja kwa meli. Wote tutakutana mjini, maana safari yetu ya leo ni moja. Tunakwenda kununua kitambaa.

Hatununui kitambaa cha gauni. Tunanunua kitambaa cha mgongo wa mfarishi.

Mfarishi ni nini?

Mfarishi ni shuka nene la kujifunika au kutandika. Lina matabaka matatu. Tabaka la juu mara nyingi ni viraka: vipande vya khanga, vya vitenge, na mabaki ya nguo kutoka kwa fundi cherehani. Tabaka la katikati ni la kuleta joto. Linaweza kuwa blanketi kuukuu, au pamba iliyochambuliwa, au sufi. Tabaka la chini ni kitambaa kimoja kisicho na viraka. Hicho ndicho tunachokiita mgongo. Kazi yake ni kama ile ya bitana katika koti. Matabaka yote matatu hushonwa pamoja kwa mistari ya uzi, ili pamba isikimbilie upande mmoja.

Viraka huvipati kwa fedha nyingi. Pengine fundi atakupa bure ukimfagilia banda lake. Blanketi kuukuu unalo. Kitu cha kununua ni mgongo. Kwa hiyo fedha yote ya mfarishi inakwenda mgongoni, na makosa yote ya fedha yanafanyika hapo.

Watu wengine watasema Mwanza hakuna baridi. Watu hao hawajalala kando ya ziwa mwezi wa Julai. Alfajiri upepo unapita chini ya mlango, na mtoto aliyelala mkekani anajikunja kama jongoo.

Kosa langu

Kabla hatujaingia madukani, nataka nikueleze kosa nililolifanya mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimshonea mtoto wa dada yangu mfarishi. Juu niliweka viraka vizuri vya khanga. Kwa mgongo nilinunua kitambaa chenye kung'aa. Kilikuwa laini, na bei yake ilikuwa chini kuliko vyote. Mwuzaji aliniambia, "Hii ni pamba tupu." Sikuuliza neno la pili. Nilifurahi kupata kitu rahisi.

Usiku mmoja kibatari kilianguka karibu na mtoto. Moto ulikuwa mdogo, na mama yake aliuzima upesi. Lakini kitambaa kile hakikuungua kama pamba. Kiliyeyuka kama plastiki, kikamnata mtoto mguuni. Kilikuwa nailoni. Mtoto alipona, lakini alama ipo mpaka leo. Ni kubwa kama kiberiti. Dada yangu hakunilaumu hata kidogo. Aliukunja mfarishi ule, akauweka juu ya sanduku, na hakuutandika tena.

Usinielewe vibaya. Pamba nayo huungua. Kibatari kisikae karibu na kitanda, kitambaa kiwe cha namna gani. Lakini nailoni na poliesta huyeyuka na kushika ngozi, na jeraha lake ni baya zaidi. Tena, ikiwa mtu ameungua na kitambaa kimemnata, usikibandue. Mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Baada ya usiku ule nilijifunza kununua kitambaa. Sasa twende mjini.

Kitambaa kilifikaje huku?

Ukifika katikati ya mji, ulizia mtaa wa Makoroboi. Kila mtu anaujua. Jina lake limetokana na koroboi, yaani zile taa ndogo za mafuta zilizotengenezwa kwa makopo na mabati na mafundi wa mtaa huo. Karibu na hapo kuna hekalu la Wahindu. Mitaa ya upande huo ina maduka mengi ya nguo. Majora yamesimamishwa mlangoni, na vitenge vimetundikwa mpaka juu.

Ukiuliza kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, utaambiwa, "Unataka marekani?" Je, umewahi kujiuliza kwa nini kinaitwa hivyo? Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said wa Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na nchi ya Marekani. Wafanyabiashara wa jimbo la Massachusetts walileta kitambaa chao kigumu cha pamba. Kikapendwa sana. Wapagazi walikibeba vichwani kutoka pwani mpaka huku kwetu ziwani. Kilitumika kama fedha. Kuanzia mwaka 1861 mpaka 1865 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe, na kitambaa chao kikaadimika. Vitambaa vya India na vya Uingereza vikachukua nafasi yake. Lakini jina halikuondoka. Leo marekani yaweza kutoka China, na bado tunaiita marekani.

Siku hizo kitambaa kilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti moja. Neno doti tunalo mpaka leo katika khanga.

Wazee wa Mwanza watakuambia pia habari za kiwanda cha Mwatex. Kiwanda hicho cha nguo kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Pamba ya mashamba yetu iliingia upande mmoja, na kitambaa kikatoka upande wa pili. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980 kitambaa kiliadimika nchi nzima. Watu walipanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa. Nguo za nje zikaanza kuonekana tena, pamoja na mitumba. Mwatex nayo baadaye ilibinafsishwa.

Jambo moja linanisumbua kila nikipita madukani. Sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania inalimwa huku Kanda ya Ziwa na jirani zake. Ukipeleka kilo 100 za pamba mbegu kiwandani, unapata kama theluthi moja ya nyuzi. Nyingi ya nyuzi hizo zinauzwa nje. Halafu sisi tunasimama dukani na kuuliza, "Hiki ni pamba kweli?" Mkulima wa pamba anauliza swali hilo! Basi ni lazima ajue kupima jibu.

Jaribu kabla ya kulipa

Jambo la kwanza, kishike kitambaa. Kisugue kwa nguvu kati ya viganja vyako. Je, umeona unga mweupe mkononi? Huo ni wanga. Kitambaa chepesi hupakwa wanga ili kionekane kizito. Ukikifua mara moja wanga unatoka, na unabaki na kitu kama chandarua.

Jambo la pili, kiinue kwenye mwanga wa mlangoni. Ukiona jua linapita katikati ya nyuzi kama linavyopita katika kiti cha ukindu, kirudishe. Pamba ya katikati ya mfarishi itatokea hapo, kidogo kidogo, mpaka mfarishi uwe mwembamba.

Jambo la tatu ni la moto. Omba uzi mmoja kutoka ukingo wa jora. Toka nje ya duka, mbali na nguo, uwashe uzi huo kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi, na jivu lake ni laini. Ukilishika linapotea. Nailoni na poliesta zinajikunja, zinanuka plastiki, na zinaacha punje ngumu. Subiri punje ipoe ndipo uiguse. Kama umepata jivu na punje pamoja, kitambaa kimechanganywa. Cha namna hiyo ni imara na hakikunjamani, na watu wengi wanakitumia kwa mashuka. Mimi simtandikii mtoto.

Mwuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukatalia uzi mmoja. Muombe kwa adabu. Mwamkie kwanza. Kama ni mzee, "Shikamoo." Kama ni Msukuma na ni asubuhi, "Mwangaluka" itakufungulia mlango kuliko "Shilingi ngapi?"

Kwa kitambaa cha rangi, kuna jaribio moja zaidi. Lowanisha kitambaa cheupe, kwa mfano pembe ya leso yako, ukisugue juu ya rangi. Leso ikipata rangi, basi kitambaa kinachuja. Mgongo unaochuja utachafua viraka vyako vyote siku ya kwanza ya kufua.

Usiulize bei kwanza

Sasa tumefika penye kiini cha safari. Watu wengi wakiingia dukani huuliza, "Mita moja shilingi ngapi?" Kisha huchagua ile ya bei ya chini, na hufikiri wamepata nafuu. Si kweli kila mara. Swali la kwanza liwe hili: "Upana wake ni kiasi gani?"

Chukua kalamu na karatasi. Hesabu tulizojifunza darasani zina kazi leo.

Tuseme mfarishi wako una upana wa sentimeta 120 na urefu wa sentimeta 180. Huo unatosha kitanda cha futi 4 kwa 6. Mgongo lazima uwe mkubwa kuliko viraka, kwa sababu ukishona matabaka matatu pamoja, mgongo unavutwa ndani. Ongeza sentimeta 10 kila upande. Kwa hiyo unahitaji kitambaa cha sentimeta 140 kwa 200.

Tena, pamba ikifuliwa mara ya kwanza inarudi, yaani inapungua. Tuseme inapungua sentimeta 5 katika kila mita. Marekani mpya yaweza kupungua zaidi, hata sentimeta 10, kwa hiyo ya namna hiyo iongezee kipimo.

Mwuzaji anakuonyesha majora matatu. Bei ninazotaja hapa ni za mfano tu, ili tufanye hesabu. Bei za siku utakayokwenda utaziona mwenyewe.

Jora la kwanza lina upana wa sentimeta 90. Bei ni shilingi 3,000 kwa mita. Upana mmoja hautoshi. Unahitaji vipande viwili virefu, uviunge. Kila kipande ni mita 2, pamoja na nyongeza ya kupungua. Unanunua mita 4 na robo. Unalipa shilingi 12,750.

Jora la pili lina upana wa sentimeta 150. Bei ni shilingi 5,000 kwa mita. Ukisikia 5,000 unataka kukimbia. Usikimbie. Upana wake unatosha wenyewe, bila kuunga. Unanunua mita 2 na robo tu. Unalipa shilingi 11,250.

Umeona? Kitambaa cha 5,000 kimekuwa rahisi kuliko cha 3,000. Tena hakina mshono katikati.

Jora la tatu lina upana wa sentimeta 114. Hizo ni inchi 45, upana wa vitenge vingi. Bei ni shilingi 3,500 kwa mita. Mtu mwingine atafanya kama alivyofanya kwa jora la kwanza. Atakata vipande viwili virefu, atanunua mita 4 na robo, na atalipa shilingi 14,875. Hiyo ni ghali kuliko zote.

Lakini wewe geuza kitambaa. Usikilaze kwa urefu wa kitanda. Kilaze kwa kukata kitanda, kama kamba za kitanda zinavyopita kutoka ubavu huu hadi ubavu ule. Sasa upana wa jora unafuata urefu wa kitanda. Pana mbili za sentimeta 114 zinaleta sentimeta 228. Hata zikipungua, hata ukitoa za mshono, unabaki na zaidi ya 200. Na kila kipande kinahitaji urefu wa sentimeta 150 tu, ili kikipungua kibaki zaidi ya 140. Vipande viwili ni mita 3. Unalipa shilingi 10,500.

Kitambaa ni kilekile, na bei ya mita ni ileile. Kwa kukigeuza tu umeokoa shilingi 4,375. Soma tena hesabu hii polepole, au msomee mwenzako. Mimi mwenyewe sikuiamini mpaka nilipopima kwa kamba sakafuni.

Kwa sababu hiyo nakushauri uende Mwanza na kamba. Ifunge fundo moja kwenye sentimeta 140, na jingine kwenye 200. Mita ya fundi cherehani itakusaidia kupima nyumbani. Dukani tandaza kamba yako juu ya upana wa jora, uone mwenyewe. Wako wauzaji wanaosema 150 na jora ni 140. Wako wanaokivuta kitambaa wakati wa kupima, na kikifika nyumbani kimelegea na kuwa kifupi. Waambie wakilaze mezani bila kuvuta. Kijiti cha mita cha dukani kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Wakala huo ni wa serikali, na una ofisi mkoani. Ukipunjwa, una haki ya kwenda kusema.

Usipime kwa mkono. Mkono wako ni mrefu unaponunua, na mkono wa mwuzaji ni mfupi anapouza.

Doti ya khanga

Sasa tuseme hesabu zote hizo zimekuzidi mfuko, au hukupenda kitambaa chochote. Angalia khanga. Khanga moja ina urefu kama wa sentimeta 150 na upana kama wa sentimeta 110. Doti ni khanga mbili. Ukiziunga kwa upande wake mrefu, unapata sentimeta 150 kwa 220 hivi. Huo ni mgongo kamili wa mfarishi wetu, na kitambaa kilichobaki ni kidogo sana. Ni kama khanga ilitengenezwa kwa kazi hiyo!

Lakini pima khanga yenyewe kabla ya kununua, kwa sababu siku hizi nyingine zimepunguzwa pembeni. Na fanya jaribio la uzi, maana khanga za nailoni zimejaa. Jambo jingine ni jina. Unapoziunga, angalia maneno yasomeke upande mmoja. Nimeona mfarishi wenye jina moja limesimama na jingine limepindua miguu juu. Mwenye mfarishi alisema ni sawa, kila mmoja kitandani asome la kwake.

Mlango Mmoja

Kama fedha ni kidogo kabisa, ondoka Makoroboi uende Mlango Mmoja. Hapa ndipo penye mitumba. Kelele ni nyingi. Wauzaji wanapiga makofi na kuimba bei. Shika fedha zako vizuri, na tafuta wanapouza mashuka.

Shuka la mtumba lina faida kubwa mbili. Kwanza, ni pana, kwa hiyo mara nyingi halihitaji kuungwa. Pili, limefuliwa mara nyingi huko lilikotoka. Kama lilikuwa la kupungua, limekwisha kupungua. Kama lilikuwa la kuchuja, limekwisha kuchuja. Mashuka mengi ya zamani ni ya pamba nzuri kuliko kitambaa kipya cha bei ileile.

Hasara yake ni moja. Shuka huchakaa katikati, pale mtu alipolala. Kingo zake hubaki nzima. Mwuzaji anajua, na kwa hiyo atakuonyesha kingo. Wewe lifungue lote. Liinue kwenye jua. Shika katikati kwa mikono miwili uvute. Likilia kama karatasi, limeoza.

Hata hivyo usiliache upesi. Muulize bei yake kama la kuchakaa. Shuka la upana wa sentimeta 180, ukilikata vipande viwili kwa urefu na kuondoa sehemu ya katikati iliyochoka, linakuachia kingo mbili nzima. Chukua sentimeta 72 kila upande. Ziunge zile kingo. Unapata sentimeta 140 baada ya mshono. Sehemu iliyochoka itafaa kwa matambara ya jikoni.

Mshono wa kuunga, ndugu msomaji, uwe wa kukunjia. Shona mara ya kwanza, kisha kunja ncha moja juu ya nyingine na kushona mara ya pili. Ndivyo yanavyoungwa matanga ya mitumbwi unayoyaona ukiwa darajani. Tanga linapigwa na upepo kutwa nzima na halifunguki. Mfarishi unapigwa na miguu ya watoto, na sijui ipi ni kazi nzito zaidi.

Shuka la mtumba lichemshe kabla ya kulitumia, nusu saa, kwa maji na sabuni. Hujui limelaliwa na nani.

Kurudi nyumbani

Jua linapinduka. Kama umebaki na shilingi chache, pitia Mwaloni, Kirumba, ununue dagaa. Soko lile ni kubwa, na harufu yake itapanda basi pamoja nawe. Kitambaa kifunge kwenye mfuko mzito, usikiweke pamoja na dagaa. Nasema hivi kwa sababu mfarishi mmoja nyumbani kwetu ulinuka dagaa mwezi mzima, na paka hakutaka kuuacha.

Ukifika nyumbani, usikate kitambaa siku hiyo. Usishone. Watu wengi hushona kwanza na kufua baadaye. Mgongo unarudi, viraka haviwezi kurudi kwa kiasi kilekile, na mfarishi mzima unajikunja kama jani kavu. Kazi ya wiki nzima inaharibika ndani ya karai moja.

Kiloweke kwanza kitambaa kipya katika maji ya uvuguvugu usiku kucha. Maji yachote ziwani au bombani, ukafulie nyumbani kwenye karai. Usisimame ziwani kufua. Maji ya kando ya ziwa yana kichocho katika sehemu nyingi, na sabuni yako inaingia katika maji ambayo jirani atachota. Asubuhi kifue, kisha kianike juu ya mawe safi au kwenye kamba. Usikikamue kwa kukisokota. Kikikauka, chukua ile kamba yako yenye mafundo. Kitandaze kitambaa sakafuni na kukipima tena, upana na urefu. Kama fundo la 140 na la 200 yote yamo ndani ya kitambaa, na umebaki na vidole viwili vitatu pembeni, mwite mtoto akushikie upande wa pili, uanze kukata.